Maua ya Piko Chini ya Saa

Dada alimvisha mama saa siku ya Jumapili, na kufikia Jumatatu jioni mtaa wetu wote hapa Kibiti ulishajua kwamba mama yangu ana mtoto anayeuona moyo wake kutoka Dar es Salaam.

Jirani alikuja kurudisha kinu. Mama akamkalisha mkekani, akapandisha mkono wa gauni, akamwonyesha taa ndogo za kijani zilizokuwa zinawaka na kuzimika chini ya saa, zikiangaza ngozi yake kwa ndani. Akamweleza kwamba zile taa zinachungulia damu, kwamba habari zinaingia kwenye simu yake mwenyewe iliyopo chumbani, na kutoka hapo zinaruka mpaka kwenye simu ya binti yake. Jirani alishika kidevu. Kisha akauliza, na huyu uliye naye hapa, yeye anaona nini?

Mama akacheka. "Huyu anaandika."

Nilikuwa hatua tatu kutoka walipokaa, nachambua kisamvu. Nilicheka na mimi, kwa sababu kunyamaza kungeonekana. Lakini usiku nilipolala nililisikia lile neno tena, nikaona jinsi lilivyokuwa jepesi mdomoni mwake, kama mtu anayesema huyu ana mafua.

Nieleze hiyo saa ilikujaje. Tangu Mfungo wa mwaka ule mama alikuwa akilalamika kwamba moyo wake unamfanyia visa. Yeye ni mzaliwa wa visiwani, huko delta, baba yake alikuwa mkata mikoko, na kila kitu cha mwilini hukieleza kwa vitu vya huko. Aliniuliza kama nimewahi kuwaona kamba wakitolewa majini, wanavyorukaruka kwenye ndoo, huyu anaruka, yule anatulia, wawili wanaruka pamoja. Basi ndivyo. Unaruka hivyo kwa muda, halafu unatulia, na yeye anabaki amechoka kama aliyepanda kilima.

Nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimlaza, akambandika waya kifuani, mashine ikachora mstari. Mstari ulikuwa safi. Moyo wa mama ulikuwa na adabu za ugenini: mbele ya daktari ulikaa sawasawa, magoti pamoja. Daktari hakumbishia mama. Alisema kuna moyo unaokwenda vizuri siku tatu na kuharibika nusu saa, na ile nusu saa ndiyo yenye hatari. Chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo, inaganda, na bonge likitoka linaweza kupanda kichwani. Hilo tunaliita kiharusi. Ipo dawa ya kuzuia damu isigande, ila nayo ina hatari zake, humfanya mtu avuje damu kwa urahisi, hivyo hawezi kumwanzishia mtu kwa kusikia habari za kamba kwenye ndoo. Anahitaji kuukamata moyo ukiwa kwenye kitendo. Akasema siku hizi kuna saa zinazoweza kusaidia kuvizia, kama yupo mtoto mwenye uwezo.

Mtoto mwenye uwezo alikuwepo. Alikuja na saa, akaiunganisha na simu ya mama, akaweka bando, akapanga na daktari siku ya kurudi, Jumatatu baada ya wiki mbili. Akarudi zake Dar jioni ileile, akaniachia maagizo kama anayemwachia mtu nyumba ya kulinda.

Miaka minne tangu baba afariki, mimi ndiye niliyekuwa naishi na mama. Nilijua anapenda chai ya mchaichai iwe na sukari ya kutosha kumlaza mtu. Nilijua mguu wake wa kushoto huvimba siku za joto. Nilijua kukohoa kwake kwa alfajiri, kule kwa kuamsha koo na kule kwa kuniamsha mimi. Nilikuwa nimeacha chumba cha kupanga na rafiki zangu waandishi, ambao walikuwa wakikutana kila mwezi kusomeana kazi, nikarudi nyumbani na mswada wangu ndani ya begi. Mara ya mwisho kuwa nao nilisoma sura niliyoiandika juu ya mwanamke anayesikiliza moyo wa mama yake. Walinipigia makofi. Na katika maisha yangu nilikuwa sijawahi hata mara moja kumshika mama mkono nikahesabu.

Sasa dada alikuwa anahesabu. Alipiga simu alfajiri ya siku ya pili.

"Mama, leo umelala vibaya. Saa kumi alfajiri moyo ulipanda."

Mama aliniangalia. Nilikuwa nimelala chumba cha pili, mlango wazi, sikusikia kitu. Aliniangalia kama mwenye mali anavyomwangalia mlinzi baada ya kuibiwa.

Katika wiki ile saa ililia mara mbili, Jumanne na Alhamisi. Iliandika kwamba mapigo hayana mpangilio. Dada alimpigia daktari, na daktari akauliza mama alikuwa anafanya nini. Mara zote mbili alikuwa shambani. Shamba letu la mpunga lipo bondeni, upande wa Mtunda, na ule ulikuwa wakati wa kuamia ndege: mpunga unashika rangi, na kwelea wanashuka kama wingu. Mama hukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti chenye miguu mirefu, na kutoka huko anapiga kelele na kuzungusha teo, anarusha madonge ya udongo. Daktari alisema mkono unaozungusha teo unaweza kuidanganya saa. Mara mbili hizo hawezi kuziamini peke yake. Tuendelee. Wiki ya pili ndiyo itakayoamua: ikionyesha tena, ataanzisha dawa, isipoonyesha, atangoja.

Naomba msomaji akumbuke maneno hayo. Mimi niliyakumbuka kila siku, na sikuweza kusingizia kusahau.

Ijumaa tulikwenda Mohoro kwenye harusi ya binti wa mjomba. Dada hakupata ruhusa kazini. Mama alilieleza hilo kwa kila aliyemsalimia, na kila aliyemsalimia alionyeshwa saa. Kwetu shangazi wa bibi harusi hupakwa kabla ya bibi harusi mwenyewe. Wanasema mkono wa shangazi ndio unaoonja rangi. Basi mama aliketishwa kwanza, kwenye mkeka mpya, miguu imenyooshwa. Mpakaji alimtia hina vidoleni na nyayoni, kisha akachukua piko nyeusi, akaanza kumchorea maua kutoka kiganjani kupanda juu. Alipofika kwenye kifundo cha mkono akamwambia avue saa, na hapo si lazima pachorwe, kwa kuwa saa itapafunika.

Mama akakataa. Alisema hapo ndipo achore sana.

"Saa ya mwanangu nitaiweka juu ya mwili mtupu? Itandikie."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mpakaji akaitandikia kitanda kweli. Alichora ua moja kubwa, akalijaza weusi, akalizungushia majani mpaka mkono mzima ukawa kama umevaa kikuku cha lami, akafanya hivyohivyo mkono wa pili ili ifanane, na vikonyo vikapanda hadi karibu na viwiko. Ilikuwa nzuri. Nilikaa pembeni nikamtazama mama akiipuliza ikauke, akiuinua mkono na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha, na wivu ukanishika. Mwaka uliotangulia nilimpa kitabu changu, chenye jina lake kwenye ukurasa wa mwanzo. Alikibusu, akakifunga kwenye kanga, akakiweka kabatini, mahali pasipo na vumbi na pasipo na mtu.

Piko ilipokauka akavaa saa juu yake. Kuanzia hapo saa haikuona kitu.

Sisi hatukujua. Ilitetemeka tu mara kwa mara, ikawasha taa zake za kijani, ikazizima, ikawasha tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Jumapili tuliporudi Kibiti, dada akanipigia mimi. Sauti yake ilikuwa imekaza. Tangu Ijumaa hakuna kilichofika. Nimeifanya nini saa ya mama?

Alisema nimeifanya nini. Hakuuliza imekuwaje.

Nikamwambia nitaangalia. Mama alikuwa ameshaivua, akisema inamtekenya, akanipa niiweke chaji. Nilikaa nayo kitandani. Niliigeuza nikaona taa zinawaka, nikaiweka juu ya mkono wangu kuona tu kama ni nzima, nikafunga mkanda. Baada ya muda mfupi namba ikatokea. Sabini na moja. Nikaelewa papo hapo kwamba saa haina ubaya wowote na kwamba ubaya upo kwenye piko. Nilitakiwa kumpigia dada nimweleze. Maneno yalikuwa machache, hata mtoto angeyapanga.

Simu ikalia kabla sijaipiga. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa dada, na ndani yake alikuwa anacheka kwa furaha. Moyo umerudi, alisema. Mapigo ya mama yamerudi, sabini na moja, mazuri sana, asante mdogo wangu.

Nilirudia kuusikiliza mara nyingi. Tangu tukiwa watoto dada hakuwahi kusema kitu changu ni kizuri sana. Na sasa alikuwa anausifia moyo wangu.

Sikuivua.

Mama alipouliza saa iko wapi nikamwambia ipo chaji. Siku ya pili akauliza tena, akitaka kujua kama dada bado anamwona. Yeye simu anaijua kama kitu kinachosikia ukiwa mbali. Nikamwambia hata ikiwa chaji inakusikia, ilimradi upo nyumbani au simu unayo. Akaridhika. Hivyo alikuwa akibeba simu yake kwenye pindo la kanga kila alipokwenda, akiamini amebeba macho ya mwanawe, na mimi nilikuwa nyuma yake na saa chini ya mkono mrefu wa gauni.

Sitasema zilikuwa siku mbaya. Zilikuwa siku za utamu wa kuiba. Asubuhi dada alipiga, akamwambia mama amelala kama mtoto mchanga, na mimi ndiye niliyekuwa nimelala. Nilianza kujitunza. Nilijilaza mapema, nikaacha kahawa, nikashuka ngazi za dungu polepole, ili dada aone mistari mizuri. Sijui niwezeje kuieleza hali hiyo bila kuonekana nimerukwa na akili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa natamani dada yangu anisikilize, hata kama jina lililoandikwa juu lilikuwa la mama.

Jumatano saa kumi jioni dada alipiga simu. Mama alikuwa ukumbini na kikombe cha chai, mimi nimekaa mlangoni nimeelekea uani, kuku wanazunguka miguu yangu. Mama aliongea naye kwa ile sauti ambayo mimi sipewi, sauti ya chini yenye kicheko ndani yake. Alimweleza ndoto. Alimweleza habari za baba, jinsi alivyomposa, jambo ambalo mimi nilimwomba mara kumi anisimulie ili niliandike, akasema amesahau. Hakuwa amesahau. Lilikuwapo lote, mpaka rangi ya kanga. Nikahisi kifua kinajaa, masikio yanapata moto.

Katikati ya kicheko mama akasita. Dada alikuwa amemuuliza kitu.

"Sina kitu, mwanangu," alisema mama. "Nimekaa tu, nakunywa chai."

Nikaishika saa juu ya nguo, nikaibana kwa kiganja. Namba nilikuwa siioni lakini niliihisi ikipanda.

Ijumaa tulikuwa dunguni, mimi na yeye. Ndege walikuwa wengi siku hiyo. Mama alirusha madonge matatu, akaimba ule ukelele wake mrefu wa kuwafukuza, kisha teo likamponyoka likaanguka kwenye mpunga. Akakaa. Aliweka kiganja kifuani, akafumba macho.

"Kamba wameanza," alisema.

Uso wake ulikuwa na jasho la baridi. Nikamlaza kichwa mapajani mwangu, nikauchukua mkono wake, nikaweka vidole viwili chini ya kidole gumba, juu ya lile ua jeusi la piko. Nilikuwa sijawahi. Nilitafuta, nikapata. Pigo, pigo, kisha kimya kirefu mpaka nikadhani amekwenda, kisha matatu ya haraka yamebanana, kisha moja dhaifu kama kosa. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa, hapakuwa na mahali pa kushika. Chini ya mkono wangu wa nguo saa ilikuwa imetulia ikiandika moyo wa mwanamke mzima anayeogopa.

Nilimwambia nampigia dada. Mama akatikisa kichwa bila kufumbua macho.

"Usimpigie, atashtuka kazini. Ameshaona. Lingekuwa la kutisha angepiga yeye."

Tukaisubiri simu ya dada. Nilikuwa najua kwamba haitakuja, na bado niliisubiri pamoja naye. Baada ya kama nusu saa moyo ukatulia. Mama akainuka, akasema unaona, hajapiga, basi ni kitu kidogo. Akashuka kulitafuta teo lake.

Kwa nini sikusema siku ileile? Nilijiambia Jumatatu haiko mbali. Nilijiambia mashine ya daktari itaukamata yenyewe, na hapatakuwa na haja ya mtu yeyote kujua mengine. Jumapili jioni niliivua saa, nikamvisha mama juu ya maua yake yaliyoanza kufifia, nikamwambia imejaa chaji.

Dada alifika Jumatatu asubuhi kwa basi la kwanza, akatukuta hospitali. Alimwamkia mama, akamkumbatia kwa muda, akaushika ule mkono akatazama piko na saa, akasema kweli mama umependeza. Mimi aliniuliza kama nimekula. Alikuwa amepungua. Chini ya macho yake palikuwa na weusi wa mtu asiyelala akitazama simu.

Mama akalazwa, waya zikabandikwa, mstari ukachorwa. Safi. Moyo ulikuwa umevaa tena nguo za ugenini. Daktari akaomba simu ya dada, akaanza kuipandisha kwa kidole, siku baada ya siku. Dada alisimama nyuma ya bega lake akimwonyesha: hapa ndipo ilipokatika siku za harusi, hapa imerudi, na jana jioni imekatika tena, huenda ni chaji. Daktari alikuwa anaitikia. Alisema mpangilio wa wiki hii yote ni mzuri mno, hata yeye angetamani moyo kama huu. Inaelekea zile mara mbili zilikuwa ni teo tu. Sioni sababu ya kumpa mama dawa nzito. Tuonane baada ya miezi mitatu.

Dada akashusha pumzi. Mama akauliza kama anaweza kurudi dunguni leo, kwa maana shamba amemwachia jirani.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na mlango. Niliutazama mkono wa mama ukifunga kishikizo cha gauni, na vidole vyangu viwili vikakumbuka kile kimya kirefu kati ya pigo na pigo. Miezi mitatu.

"Daktari, hizo siku si za mama."

Waligeuka wote.

"Za nani?" aliuliza daktari.

"Zangu. Niliivaa mimi, tangu Jumapili ile mpaka jana. Ijumaa moyo wa mama uliharibika shambani nusu saa nzima, nimeushika kwa vidole vyangu, na saa ilikuwa mkononi kwangu."

Nje muuguzi alikuwa anaita namba. Dada aliipokea simu yake kutoka kwa daktari, akaitazama, akaifunika kwenye kifua. Nilingoja anitukane. Mama ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa mshangao zaidi kuliko hasira.

"Uliniambia inanisikia."

"Nilikudanganya, mama."

Daktari hakuuliza kwa nini. Namshukuru mpaka leo. Alisogeza kiti, akavuta mkono wa mama, akaivua saa, akatazama ua jeusi lililokuwa chini yake. Akauliza piko hii ilipakwa lini. Tulipomjibu, alieleza kwamba saa inaona kwa mwanga: mwanga unaingia kwenye ngozi, unagonga damu, unarudi. Pakiwa na weusi mzito hivi mwanga haurudi na habari yoyote.

Mama aliutazama mkono wake. "Nilitaka ikae pazuri," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja chombo cha mwenzake. Dada akamshika bega.

Daktari akafungua droo, akatoa kidude chembamba kama kipande cha biskuti, chenye mabati mawili. Hiki hakitumii mwanga, alisema, kinasikia umeme wa moyo, hakijali piko wala hina. Akamwambia mama aweke vidole vya mkono huu kwenye bati hili na vya mkono ule kwenye lile, atulie. Kwenye simu ya daktari mstari ukaanza kutembea. Nusu dakika. Safi. Akatuambia tusiondoke, tukae kwenye benchi la ukumbini, na kila mama atakaposikia kamba, tumwite.

Tulikaa watatu, mama katikati. Mama alifumba macho akawa anasoma uradi kwa vidole. Mara ya kwanza alipoinua mkono daktari alikuja akakuta mstari umeshatulia. Adhana ya adhuhuri ikapita. Kisha mama akasema polepole, wameanza, na nilipoweka vidole vyangu kwenye mkono wake vilikijua vilichokikuta. Nilikimbia mimi. Daktari akaja na kidude, mama akaweka vidole vyake vyenye hina, na mara hii mstari haukuwa na adabu yoyote. Vilele vilibanana, vikaachana, vikabanana tena, na kati yake palikuwa na mtetemeko mdogomdogo kama maji yanayopigwa na upepo. Daktari aliuangalia mpaka ukaisha, akauhifadhi.

"Sasa nimekuona," alimwambia mama, kwa upole.

Dawa ilianza siku hiyohiyo. Daktari alieleza nyakati zake na mambo ya kuepuka, asijikate, asitumie dawa nyingine bila kuuliza. Alimwambia dada saa iendelee, ila ikae kwenye ngozi tupu piko itakapotoka. Kwangu hakusema kitu, akanipa tu karatasi ya dawa niishike.

Tulipanda bajaji kurudi nyumbani, mama tena katikati. Tulipovuka sokoni dada akafungua simu yake. Nilimwona kwa pembe ya jicho akirudi nyuma kwenye siku zangu.

"Jumatano," alisema bila kunitazama. "Saa kumi jioni. Moyo ulipanda ghafla ukakaa juu robo saa nzima. Nilikuwa naongea na mama, nikamuuliza anajisikiaje, akasema amekaa tu anakunywa chai. Sikulala siku hiyo. Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa nabeba maji.

"Nilikuwa nimekaa mlangoni," nilisema. "Nawasikiliza."

Dada aliutazama mstari tena. Kisha akazima simu. Hakusema amenisamehe, wala sikuomba. Mama, ambaye sikujua kama alikuwa anasikia, alifungua mkanda wa saa akisema inamuwasha kwa joto, akaishika hewani atokee wa kuipokea. Mkono wangu ulianza kwenda. Wa dada ukawahi. Akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu mpaka mwisho.

Nilihisi ule moto wa masikio ukirudi, uleule, haukuwa umepungua hata kidogo. Basi nikauchukua mkono uliobaki wazi juu ya paja la mama, nikaugeuza, nikatafuta chini ya kidole gumba. Mama akauacha. Nilihesabu mpaka bajaji ilipokata kona ya msikitini, nikapoteza hesabu, nikaanza tena moja.